Nilimwekea Mungu Mpaka

Ndugu zangu msomao karatasi hii ya habari za kanisa, mimi nina kosa, wala sitafuti wa kunitetea. Mtu amekufa kwa sababu ya kiburi changu, na kiburi chenyewe nilikuwa nikikiita maombi. Jina langu naomba lisiandikwe.

Nakaa ng'ambo ya misheni ya Golbanti, ukingoni mwa mto Tana, pamoja na mke wangu na binti yetu mdogo Hana. Wakati ule tulikuwa pia na mama mkwe wangu. Tulilima mpunga. Nilikuwa nimebatizwa karibuni, nami nimejaliwa sauti nzuri ya kuomba. Nikisimama kanisani watu walilia! Basi nikalewa sifa, jamani. Nikaanza kusema na Mungu kama mtu anayemwagiza kibarua.

Mwaka ule mvua za bara zilikuwa nyingi. Mto ukaja mwekundu, umebeba miti mizima na mizoga ya ng'ombe. Mpunga wetu ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, bado kidogo tu uvunwe. Majirani wakaanza kuvuka kwenda kwenye mwinuko wa misheni, na mikeka yao na kuku wao. Mimi nikachomeka kijiti kwenye mpaka wa shamba, watu wakinitazama, nikapaza sauti: "Bwana, nimesema, maji yasipite hapa!"

Nimesema! Mimi nani wa kusema?

Mama mkwe wangu hakuwa ameingia dini. Alikitazama kile kijiti, akacheka kidogo. "Baba, wewe umebatizwa," akaniambia. "Mto haujabatizwa. Tuvuke."

Maneno yale yalinichoma. Mke wangu naye akaanza kupakia vyungu mtumbwini. Hapo nikaingiwa na hofu, tena si hofu ya maji. Niliogopa kuonekana. Nyumba yangu ikikimbia, nani atasema Amina tena nikiomba?

Basi nikafanya jambo la kijinga. Nikauchukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikaenda nao dunguni, kile kibanda cha juu tunakokaa kuwinga ndege. Nikausokomeza ndani ya nyasi za paa. Upondo ulikuwa huo mmoja tu, na kafi hatukuwa nalo.

"Baba Hana, upondo u wapi?" mke wangu akauliza.

"Labda umechukuliwa na mto," nikamjibu, macho makavu.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa anakoroga uji, maji yakaingia jikoni. Hayakuja kwa kishindo. Yaliingia kimya, yakazima moto. Nikakimbia nje, kijiti sikukiona. Shamba lote lilikuwa maji, dungu limesimama katikati.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi kusema. Maji ya shambani yalikuwa ya kifuani. Ningeweza kwenda dunguni nikauleta upondo. Mke wangu alikuwa anapiga kelele, "Tutasukuma na nini?" Nikalitazama dungu, nikamtazama yeye. Nikiuleta, atajua. Nikanyamaza! Nikashika mchi wa kutwangia nikasema, "Pandeni, Mungu yupo."

Mchi ni mfupi, haufiki chini. Mto ukatuzungusha ulivyotaka, ukatubamiza kwenye kisiki, mtumbwi ukapinduka. Mke wangu alimshika mtoto kwa nguo, mimi nikawashika wote wawili, tukang'ang'ania tawi mpaka majirani walipotufikia. Mama hakuonekana. Nilimsikia mara moja tu, akimwita binti yake. Mpaka leo hatuna kaburi lake.

Kule misheni watu walinishika mkono mmoja mmoja. "Ni mapenzi ya Mungu," wakasema. Mke wangu mwenyewe, macho yamemvimba, ndiye aliyenifariji mimi! "Baba Hana, usijitese. Mungu ndiye aliyetaka."

Hapana! Mungu hakuuficha upondo. Yale yalikuwa mapenzi yangu, nami nikayavika jina lake.

Maji yakashuka, mpunga umeoza. Dungu likabaki, na upondo ndani yake. Tangu hapo naogopa kuomba. Tukifika pale pa kusema "Mapenzi yako yatimizwe", midomo yangu hujifunga, nami naogopa aliye kando yangu asije akatambua. Naogopa mke wangu akipanda dunguni. Naogopa zaidi anaponihurumia.

Juzi nilikwenda kupiga magoti pale nilipochomeka kijiti. Nikaanza: "Bwana, mke wangu asiniache, mlainishe moyo, asi..." Mara nikajisikia. Yale yale! Namwekea Mungu kijiti kingine. Nikaanguka kifudifudi kwenye tope, nikakosa maneno. Nikasema tu, "Utakavyo wewe." Wala sikupata amani papo hapo, nisiwadanganye. Nilichopata ni kujua la kufanya, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko mto.

Enyi mnaosifiwa kwa kuomba vizuri, jihadharini! Ombeni shamba, ombeni uzima, lieni mkitaka. Lakini mkishaomba, mwachieni. Msimpimie mahali pa kusimama. Na msimzuie mwenzenu kuvuka eti kwa kulinda sifa ya maombi yenu, maana atakayezama huenda asiwe wewe.

Karatasi hii ikifika kwetu husomwa kwa sauti baada ya ibada, na mke wangu hukaa mbele. Atanijua, hata jina lisipoandikwa. Sitaki asikie kwa kinywa cha mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla sijampa barua hii mtu anayeshuka na mto hadi Kipini aipeleke, nimekwenda dunguni nikauteremsha upondo. Nimeuegemeza hapa mlangoni, mahali pake pa zamani. Yeye yuko mtoni anateka maji.

Namsikia anarudi. Anamwimbia Hana.