Waambie Baba Yako Alikufaje

Mimi shangazi yako nakumbuka siku niliyomsindikiza baba yako mdogo, Masereka, kutoka Bwera kwenda kwa daktari mjini Kasese. Matanga ya baba yako, Bwambale, yalikuwa yamekwisha majuzi tu. Wewe, mwanangu, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Baba yako alianguka akipanda kilima na gunia la kakao, hakuamka tena. Watu walinong'ona kwamba alilishwa sumu, na jirani mmoja akawa haji tena kwetu kwa hofu ya kushukiwa. Kisha Masereka naye akaanza kuona giza kila akipanda kilima.

Daktari alimsikiliza kifuani, akamwambia achuchumae, asimame, achuchumae tena.

"Afande, nimekosa nini?" Masereka akauliza. Nikacheka.

Daktari hakucheka. Alisema kuna mlio moyoni, na Masereka akisimama unazidi. Akanigeukia. "Kwenu kuna mtu alianguka ghafla akafa?"

Niliogopa kujibu, kama vile nikijibu nitamzika na huyu.

"Kaka yetu," nikasema.

Picha ya moyo aliyopigwa Kampala ilionyesha nyama ya moyo imenenepa chini ya mlango wa mshipa mkubwa, damu inatoka kwa taabu. Daktari akasema huenda ndicho kilichomuua baba yako, kwa sababu ugonjwa huo hurithiwa. Tukapimwa sote, hata wewe. Masereka aliacha magunia, anameza dawa mpaka leo, na duka lake la Nyakiyumbu unalijua.

Wewe hukuonekana na kitu, nasi tukatulia. Lakini tuliambiwa ugonjwa huo unaweza kujitokeza mtu akishakua. Jumapili ulianguka uwanjani katikati ya mpira, unasema ni jua. Mimi sijalala tangu hapo. Huenda ni jua kweli. Sijui, na sitakudanganya.

Usikimbie, usibebe mzigo, mpaka moyo wako usikilizwe na upigwe picha upya. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Ukifika kwa daktari, mwambie baba yako alikufaje, hata asipouliza. Wakiukuta ugonjwa huo, utaogopa, nami nitaogopa pamoja nawe, lakini utapewa dawa ukiwa hai.

Mungu akupe mvi, mwanangu. Baba yako hakuzipata.