Miaka Ishirini Aliyoongezewa Baba

Hadi leo nikikumbuka siku ile ya Nakuru, hasira hunipanda. Ilikuwa mwaka wa 1957. Baba yangu, Kosgei, alikuwa fundi wa senyenge katika shamba la Mzungu kule Sachangwan. Aliweza kunyoosha ua wa maili nzima kwa jicho tu, bila kamba. Kisha akaanza kujigonga kwenye nguzo. Mbele aliona sawasawa, pembeni hakuona kitu.

"Ni uzee," mnyapara akasema. Uzee gani? Baba hakuwa ametimiza hata hamsini.

Tukasikia kuna daktari wa macho Nakuru aliyekuja na mashine mpya. Tukapanda treni Molo, Baba amevaa koti lake la kanisani.

Karani wa daktari, Obura, akamuuliza miaka.

"Mimi ni Maina," Baba akajibu. Hilo ni rika alilotahiriwa nalo. Wazee wetu hawakuhesabu miaka, walihesabu marika, na rika moja hukaa wazi hata miaka kumi na mitano. Baba aliingia Maina angali mvulana mdogo, rika likikaribia kufungwa. Lakini asubuhi hiyo Obura alikuwa ameandikisha mzee mwingine wa Maina.

"Basi weka sitini na saba, kama yule," akasema, kalamu ishaanza kukimbia.

"Hapana, karani," nikasema. "Yeye ni wa mwisho mwisho. Ana arobaini na saba."

Baba akawaka. Kwetu binti haongei habari za jando la babake, sembuse mbele ya watu.

"Chemutai! Unataka kunirudisha kwa watoto wa Chumo, rika lililotufuata? Karani, andika kama yule mwingine."

Nikanyamaza. Mimi, mwalimu wa shule ya misheni, nikanyamaza kama mjinga.

Wakambandika nyaya usoni, taa ikamulika, sindano ya mashine ikachora mawimbi kwenye karatasi. Obura akatufasiria maneno ya daktari: jicho likipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo, na umeme huo hupunguzwa na uzee, hupunguzwa pia na presha ya macho. Kwa hiyo kila mtu hulinganishwa na wa umri wake. Mawimbi ya Baba yalikuwa mafupi. Daktari akatazama umri ulioandikwa, akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa mzee wa sitini na saba, hii ni kawaida."

Dawa za matone zilikuwa chache, wakapewa waliokutwa wagonjwa tu. Baba akawapita kifua mbele.

Mwaka uliofuata jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa, na la kulia lilibaki na kitundu tu cha kuonea. Nikamrudisha, na safari hii nikataja miaka yake kabla hajafungua mdomo. Daktari akatoa karatasi ya zamani, akailinganisha na za watu wasiofika hamsini.

"Alikuwa mgonjwa tangu siku ile," Obura akafasiri, bila kututazama. "Angepata dawa, angekuwa anaona. Sasa italinda kilichobaki tu."

Baba akapokea kichupa, akageuza uso akinitafuta.

"Chemutai, mbona siku ile hukuwaambia miaka yangu?"

Nilitaka kupiga kelele hospitali nzima isikie. Nikamshika mkono, nikamwonyesha mlango ulipo.