Ukuta wa Chumba Changu

Ukuta ulioamuliwa uvunjwe ili sebule ipanuke ulikuwa wa chumba changu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewapikia chai waliokuwa wakiamua. Nikawakaangia na maandazi. Nikiyakumbuka yale maandazi, natamani ningeyatia chumvi badala ya sukari.

Nyumba yetu iko Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba. Nilirudi hapo ndoa yangu ya Kagoma, kule Muleba, iliponishinda. Niliondoka Kagoma na sanduku moja na pengo la jino mdomoni, na sitasema zaidi ya hapo. Baba alinifungulia mlango, akanionyesha chumba kilichopakana na sebule, akasema, "Hiki ni chako, hakuna atakayekuuliza." Kisha baba akafariki, tukabaki mimi na mama. Asubuhi nafundisha shule ya msingi, jioni namkanda mama miguu, namkumbusha dawa za presha, na msimu wa senene, panzi tunaowala, namchambulia mimi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Lile tetemeko la ardhi la Bukoba lilipopasua ukuta wa chumba changu, nilikoroga saruji kwa mikono yangu nikauziba.

Lakini nyumba si yangu. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulimvika mdogo wangu wa kiume kanzu ya baba, wakamkalisha kwenye kiti cha baba. Ndiye musika, yaani mrithi mkuu. Yeye anaishi Dar es Salaam, na kanzu yenyewe aliisahau hapa hapa kabatini. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfuta kamasi, na leo akiingia nasimama kumpisha kiti.

Safari hiyo alikuja na mkewe kwa sababu binti yao alikuwa amepata mchumba, na wakwe walitaka kuleta mahari. Mahari yetu haipokelewi ukumbini. Wageni hupokelewa nyumbani kwa babu wa binti, hata kama babu yuko kaburini. Kwa hiyo wakwe wangekuja kuketi kwenye sebule yetu yenye makochi manne na kabati la vyombo.

"Hapa hawaenei," wifi alisema, akaanza kutuonyesha picha kwenye simu. Sebule nyeupe, makochi ya kijivu, taa zimefichwa darini kwenye jipsamu, na ndani hakuna hata binadamu mmoja aliyeketi. Mdogo wangu naye akatoa hotuba. Ni nshomile kwelikweli, msomi wa kujionyesha, kama watu wa mikoa mingine wanavyotutania sisi Wahaya. Hawezi kuomba chumvi bila utangulizi.

"Nyumba za kisasa hazina kuta nyingi, dada. Hewa inatakiwa izunguke."

Hewa! Bukoba hii, mvua hii, upepo huu wa ziwani, nani amewahi kulalamika kwamba amekosa hewa?

Wakaendelea. Vigae viwe vya rangi gani. Televisheni itundikwe wapi. Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ihamie ukumbi mdogo au ibaki. Wifi akasema vile vitambaa vya kufuma vya mama, vinavyofunika migongo ya makochi, vimepitwa na wakati. Weee! Mama aliinuka. Mama yangu, ambaye kuamka kitandani ni mpaka nimshike mkono, alisimama peke yake. Akasema vitambaa hivyo alivifuma akiwa na mimba zetu, na atakayevitoa amtoe na yeye. Musika akanywea, akamwita mawe, yaani mama kwa Kihaya. "Basi, mawe, basi waitu, vitabaki." Vikabaki.

Ndipo wifi akagonga ukuta wa chumba changu kwa kidole, ko ko ko, akasema, "Hapa ndipo penye nafasi. Ukitoa huu, sebule inakuwa mara mbili."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe utalala na mama," mdogo wangu akajibu haraka, kama mtu aliyekwisha kujiandaa.

"Chumbani kwa mama hakiingii kitanda cha pili. Nitalala uvunguni?"

Kisha wifi, na sijui kama ulimi uliteleza au alikusudia, akasema, "Lakini wifi yangu, hebu fikiria. Wakwe wakiuliza chumba hicho ni cha nani, tutawajibu nini?"

Nilimwelewa papo hapo, na moyo ukaniuma kweli. Hao wanaokuja kuoa wangeona mlango, wangeuliza, wangeambiwa kwamba shangazi wa binti yumo humo, amerudi kutoka kwa mumewe. Wangenong'onezana njia nzima: mabinti wa nyumba ile hurudi. Kumbe haikuwa hewa wala vigae. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu mandhari.

Mdogo wangu aliona uso wangu umebadilika, akaniletea tabasamu la msibani. "Ila pazia chagua wewe, dada. Wewe ni mwalimu, unajua rangi."

Eti pazia! Nilicheka kwa sauti mpaka chai ikanipalia. Wananiondoa chumbani, kisha wananipa heshima ya kuchagua kitambaa cha kufunika pale nilipokuwa nalala. Nikawaambia waweke nyeusi. Hawakucheka.

Nikamgeukia mama. Sikutaka mengi kwake. Nilitaka neno moja tu, abaki, kwa sauti ile ile aliyotetea vitambaa. Nilijua kama angelisema, musika angenywea vile vile na wifi angetafuta ukuta mwingine.

"Mawe, unasemaje?"

Mama alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Musika ndiye mwenye nyumba," akasema. "Na patapendeza, mwanangu. Patakuwa papana."

Nilikusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Ukuta ulivunjwa siku ya kazi, nikiwa shuleni. Niliporudi, kitanda changu kilikuwa nje kwenye migomba, kimefunikwa turubai, na fundi ananilalamikia kwamba sehemu moja ya ukuta iliwasumbua, saruji ilikuwa ngumu mno. Nilimwambia niliiweka mimi. Akasema niliiweka vizuri. Juma hilo hilo nikapanga chumba Kashai, mtaa mwingine wa Bukoba, kwa mama mmoja anayeuza mkaa, na mama yangu akapewa msichana wa kazi wa kumkanda miguu.

Siku ya wakwe nilikwenda alfajiri kupika, maana ndizi za watu wengi vile haziwezi kuachiwa msichana. Na sebule ilikuwa imependeza, siwezi kusema uongo. Mwanga uliingia pande mbili. Wakwe walijaa, wakala, mahari ikapokelewa, kisha mshenga wao akaomba awaone kina mama waliopika. Tukaitwa, tukapiga magoti kuwasalimia. Mdogo wangu akatutambulisha mmoja mmoja mpaka akanifikia.

"Na huyu ni dada yangu mkubwa, ameolewa Kagoma. Amesafiri kuja kutusaidia."

Jamani! Yule mwanamume aliyenivunja jino nimerudishiwa mbele za watu, bila hata kuulizwa. Nilimtazama mama. Alikuwa kwenye kochi la kijivu katikati ya wageni wa heshima, anaitikia kwa kichwa. Mshenga akanishukuru kwa safari ndefu. Nikamwambia barabara ilikuwa nzuri.

Nilikaa kwa muda bila kwenda kwa mama. Nilimsikia mama kwenye simu tu, nikawa namuuliza dawa naye ananijibu dawa. Halafu Jumapili moja baada ya misa nilishindwa, nikapita Rwamishenye. Nilibisha hodi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa sababu kitasa kilikuwa kipya na ufunguo wangu haukuingia.

Mama alinifungulia mwenyewe. Alinifurahia, tena sana, alinishika mashavu. Akanikalisha, akasema ngoja, akaenda ndani akijishikilia ukutani, nami nikasikia anafungua kabati. Akarudi na kijikapu cha akamwani, zile punje za kahawa zilizokaushwa tunazotafuna. Kwetu mtu wa nyumbani hujichotea mwenyewe akipita. Anayeletewa akiwa ameketi, kwa kijikapu na mikono miwili, ni mgeni.

Mama aliinama kidogo mbele yangu na kuninyooshea kijikapu.

"Karibu," akasema. "Huku kwetu tumefurahi umetukumbuka."

Nikachukua punje kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa ukarimu wake.