Mluzi wa Kifua cha Godeliva

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu, mwanangu, na kila nikiukumbuka nywele hunisimama. Nilikuwa muuguzi mpya katika zahanati ndogo upande wa Titye, sare bado inanukia upya, na nilijiona najua kila kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hizo debe lilikuwa mimi.

Wiki hiyo nilimhudumia mama mmoja mjane, Godeliva, mkulima wa maharage mwenye pumu. Nilimkabidhi pampu, kile kichupa cha kubonyeza na kuvuta dawa kwa mdomo, nikamweleza mbiombio kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza, "Umeelewa?" Akapiga makofi taratibu, kama watu wa huku wanavyomheshimu mkubwa, akasema, "Ego, mama." Ndiyo, mama. Nilikuwa na umri wa binti yake, lakini nilifurahi kuitwa mama, nikaita anayefuata.

Siku ya nne akaja shemeji yake, Zabuloni, kuomba pampu nyingine kwa kuwa ile imekwisha. Nikaanza kumgombeza kwamba dawa si ya kuchezea. Mama Leokadia, muuguzi mzee aliyekuwa akinilea kazini, akanikatiza.

"Pampu ya mwezi mzima imekwisha kwa siku nne? Chukua mkoba, twende."

Tulifika saa saba mchana, ila ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba utadhani alfajiri. Ndugu wote walikuwa uani, wameketi chini. Kutoka ndani ya nyumba ulikuja mluzi. Mwembamba, mrefu, unapanda, unakatika, unaanza tena.

"Ni marehemu kaka," Zabuloni akaninong'oneza. "Alikuwa anampigia mkewe mluzi hivi hivi akitoka shamba. Sasa anamwita. Ile dawa tumeipuliza mlangoni, madirishani, pembe zote nne, lakini haondoki."

Mwanangu, nilisimama nikausikiliza. Nilijua ni pumu, nimeisoma, lakini masikio yangu yalisikia mtu anayeita. Papo hapo nikaelewa kosa langu pia. Waliitumia pampu kama dawa ya kuzindika nyumba, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyoijua, na mimi sikuwaonyesha jinsi nyingine ya kuitumia.

Kabla hatujavuka kizingiti, mluzi ukakoma. Uani wakashangilia, "Ameondoka!" Bibi mmoja akapiga magoti kumshukuru Mungu. Nami, ni aibu kusema, nikashusha pumzi nikatabasamu.

Mama Leokadia akanishika mkono kwa nguvu akaniingiza ndani, penye moshi wa kuni. Godeliva alikuwa ameketi ameinama mbele, midomo rangi ya majivu, macho wazi, kifua kimya.

"Weka sikio mgongoni kwake. Unasikia nini?"

Sikusikia kitu.

"Basi usicheke. Mluzi ni hewa inayopita njia nyembamba. Kimya hiki ni njia inayofungwa."

Tukamtoa nje. Mama Leokadia akatoboa kitako cha chupa ya maji ya plastiki, akachomeka pampu mpya ili dawa ijae humo isipotee hewani, akamwekea Godeliva mdomo wa chupa kinywani. Akabonyeza, akamwacha avute, akabonyeza tena. Sijui ilichukua muda gani. Kisha mluzi ukarudi. Watu wakatimka, wengine mpaka migombani, na sisi wawili tukabaki pale tunacheka na kulia kwa furaha. Zabuloni peke yake ndiye aliyerudi, akatafuta wenzake wa kubeba machela, tukampeleka Godeliva hospitali.

Baada ya siku tatu nilikwenda kumwona. Nikamuuliza kwa nini aliniitikia ilhali hakuelewa. Akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko hasira.

"Nilikuona umechoka, mwanangu. Nikasema nisikusumbue."

Basi sikiliza, wewe unayeanza kazi. Mgonjwa wa huku hatakwambia hapana. Heshima yake itakuitikia mpaka kaburini. Usimuulize kama ameelewa. Mpe pampu mkononi akuonyeshe, akikosea mwelekeze tena, na anayeishi naye umwonyeshe pia. Waombe wahamishe moto wa kuni nje ya nyumba anamolala. Na mwenye pumu aliyekuwa akipiga mluzi akinyamaza ghafla huku bado anahangaika, usishukuru, kimbia naye. Foleni itakununia, iache inune. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe masikio yanayosikia na mikono isiyo na papara. Kila kifua utakachokigusa kipate pumzi, nawe uzeeke bila jina la mtu la kukunyima usingizi.