Bi Stakabadhi na Mfumo Uliouliza Mno

Jina la Bi Stakabadhi alipewa na wateja wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa mbele ya meza yake bila kuulizwa, "Stakabadhi iko wapi?" Wenye maduka, mafundi, wauza nyama, wote walimpelekea bahasha zilizofura karatasi, naye akazipanga, akaziingiza kwenye kompyuta na kuwaandalia ritani zao za kodi. Hata mumewe, fundi wa friji, akirudi nyumbani na mkate alijua kwamba karatasi ya dukani isipokuwemo mfukoni, chai itanywewa kwa maneno.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kutwa nzima harufu ya rangi ilipanda ngazi na kuingia bila hodi. Humo mlikuwa na benchi la wateja, kabati la chuma lenye mlango usiofunga, na meza mbili. Ya pili ilikuwa ya wifi yake, mdogo wake mumewe, aliyesomea kompyuta na kuandika haraka hata kibodi ikalia kama mvua ya mabati. Waliitana wifi asubuhi mpaka jioni. Mgeni mwenye simu mkononi akiuliza kama ofisini mna wifi, mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Utani huo ulishachakaa, lakini hawakuwahi kuuacha.

Balaa lilianza kwa ujumbe mdogo kwenye kioo cha kompyuta. Kila walipoufungua mfumo wao wa zamani wa kuandalia ritani, uliandika kwamba toleo hilo halitahudumiwa tena na kwamba watumiaji watafute mwingine kabla ya msimu wa ritani. Bi Stakabadhi aliufunga ujumbe ule kila siku kama anayefukuza nzi. Mfumo ule aliujua kwa vidole, wala hakuhitaji kuutazama. Mwishowe wifi akamwambia, "Wifi, hata ukiufunga, mwisho wake uko palepale."

Basi wakaita wauzaji. Wa kwanza alikuwa kijana nadhifu waliyempa jina la Kijana wa Tai. Aliweka kompyuta yake mezani, akabofya hapa, akabofya pale, na ritani nzima ikatokea kabla Bi Stakabadhi hajavaa miwani.

"Na mafaili yenu yote, mama, yatakaa kwenye wingu," alisema.

"Wingu la nani?"

"La kampuni, mama."

"Na hiyo kampuni iko wapi?"

"Iko... yaani, iko kila mahali."

Wifi alicheka, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kioo. Mfumo ulikuwa umemteka. Bi Stakabadhi aliitikia kwa kichwa kama anayeelewa, na moyoni hakuwa ameambulia kitu. Mtu anayekaa kila mahali, siku ya matatizo unamgongea mlango gani?

Wa pili alikuwa mama mmoja, mhasibu mstaafu, aliyebeba kompyuta yake ndani ya foronya ili isichubuke. Hakusifia kitu. Alisema mfumo wake ni mzito, unauliza maswali mengi, na wanaoununua humpigia simu kulalamika. Kisha, kama kijana yule, akawaachia nakala ya majaribio, akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

"Huyu ndiye muuzaji gani?" wifi aliuliza. "Kaja kututisha?"

Wakakubaliana kuijaribu mifumo yote kwa faili jepesi kuliko yote, wasije wakapotea. Wakachagua la mwenye duka la dawa. Dada huyo alikuwa na duka moja, pango moja, hana mfanyakazi, na stakabadhi zake huja zimebanwa pini kwa mpangilio wa tarehe. Mteja wa kuombewa dua.

Mfumo wa zamani ukatoa jibu lilelile la mwaka uliopita, au karibu nalo. Mfumo wa Kijana wa Tai ukatoa kodi kubwa zaidi. Mfumo wa mhasibu mstaafu ukagoma kabisa kutoa jibu.

Bi Stakabadhi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Faili ni lile lile. Mtu ni yule yule. Akarudia kuingiza kila kitu, safari hii akisoma kwa sauti huku wifi akiandika. Matokeo yakawa yale yale. Hapo kichwa kikaanza kumzunguka. Kama mfumo mpya ndio sahihi, basi wa zamani umekuwa ukiwadanganya watu kwa mkono wake yeye. Na kama wa zamani ndio sahihi, anaambiwa anunue uongo?

Wifi ndiye aliyeona palipojificha tofauti. Mfumo wa Kijana wa Tai ulikuwa umeuliza kama eneo la biashara lina "matumizi mchanganyiko." Bi Stakabadhi hakuelewa swali, akaliacha jibu alilolikuta, nalo lilikuwa ndiyo. Ule wa mstaafu ulikuwa umeuliza jambo lile lile kwa maneno ya kawaida, kisha ukasimama kusubiri: "Je, kuna mtu anayelala katika jengo hili?"

Wa zamani haukuwahi kuuliza kitu kama hicho. Pango lote ulilihesabu kuwa gharama ya biashara, basi. Lakini sheria ilikuwa wazi, na Bi Stakabadhi aliijua: mtu akilala dukani, sehemu ya pango ni ya makazi, na sehemu hiyo haitolewi kwenye mapato.

"Weka hapana," alisema wifi. "Nani alale duka la dawa?"

Bi Stakabadhi akapeleka kidole kwenye hapana, kidole kikabaki hewani. Alijua dada yule huuza kiasi gani, hununua wapi, umeme wake hupanda mwezi gani. Anakolala hakuwahi kumuuliza. Akatafuta kitufe cha sijui, hakukiona.

Mchana akashuka, akaenda mwenyewe mpaka duka la dawa. Dada alikuwa nyuma ya kioo, koti lake jeupe limepigwa pasi. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na wote wawili wakasema nzuri.

"Dada yangu, nina swali la ofisini," alisema Bi Stakabadhi. "Usinielewe vibaya. Kuna mtu analala hapa dukani?"

Mteja aliingia kununua dawa ya kikohozi, akahudumiwa, akaelezwa vijiko, akaondoka. Ndipo dada akainua ubao wa kaunta na kusema, "Pita."

Nyuma ya rafu kulikuwa na stoo. Godoro jembamba lilikuwa limesimamishwa ubavu nyuma ya maboksi. Nguo zilining'inia kwenye msumari, zimefunikwa kwa mfuko wa nailoni, na juu ya boksi la bandeji palikuwa na kioo kidogo, chanuo na mswaki ndani ya kikombe cha kupimia dawa. Pamefagiliwa, pananukia dawa.

"Nilimwacha mwenzangu," dada alisema. "Hakunipiga, usidhani. Tuliacha tu kuongea. Siku moja nilifunga duka nikajikuta siendi nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ritani uliyoniandalia mara ya mwisho."

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza stakabadhi, nikakupa zote."

Neno hilo lilimkaa Bi Stakabadhi kifuani njia nzima. Na lililomchanganya zaidi halikuwa kosa la ritani, maana hilo lingerekebishwa. Mume wa yule dada, mwalimu wa udereva, alikuwa mteja wake pia. Kila msimu hupata nafuu ya kodi kwa ajili ya mke anayeishi naye. Faili lake lilikaa kabati lile lile, rafu ya chini. Siri ya mmoja haiendi kwa mwingine, hiyo ndiyo kazi. Lakini ritani mbili zitapelekwa na mkono mmoja, moja ikisema mke yuko dukani, nyingine ikisema yuko nyumbani?

Nyumbani alijaribu kumweleza mumewe bila kutaja mtu. Mzee alimsikiliza huku akifungua mota ya friji.

"Sasa unachonunua ni kompyuta au ni mshenga?" aliuliza.

"Hata mimi sijui."

Siku ya uamuzi wifi alikuja na hoja zake tayari. Mfumo wa Kijana wa Tai ni mwepesi, ni mzuri machoni, unafunguka hata kwenye simu. Ule mwingine unahoji kama askari.

"Nautaka huo unaohoji," Bi Stakabadhi alisema.

"Kwa sababu gani, wifi?"

Sababu alikuwa nayo, lakini ilikuwa imelala kwenye godoro la mtu. Asingeweza kuitoa. "Sijui," alisema. "Naona tu."

"Mtu hanunui mfumo kwa naona tu!" Wifi alinuna, akageukia dirisha, na kibodi yake ikanyamaza mpaka saa ya kufunga. Kesho yake alikuja amelegea kidogo. Alisema sawa, ila wateja wakikimbia maswali, asiambiwe yeye kuwarudisha. Kijana wa Tai alipopiga simu kuuliza amekosea wapi, Bi Stakabadhi alimjibu, "Wako ni mzuri, mwanangu. Tatizo ni mimi." Kijana naye akabaki hajui kama ameshukuriwa au amefukuzwa.

Msimu ukaingia, na Bi Stakabadhi akakiona cha moto. Vitufe havikuwa mahali vidole vilipovizoea. Alihifadhi faili, akashindwa kulipata tena. Mfumo ukamkatalia ritani ya muuza nyama, mwanamume mwenye ndevu za kujaza kiganja, kwa maelezo kwamba mlipakodi ni mtoto mdogo. Kumbe aliandika mwaka wa sasa mahali pa mwaka wa kuzaliwa. Muuza nyama alicheka mpaka benchi likatikisika. Wifi alisogeza kiti, akarekebisha kwa mguso mmoja, wala hakusema "nilikwambia," ingawa uso wake ulisema.

Mwenye duka la dawa alitengenezewa ritani mpya na marekebisho ya ile ya nyuma. Nyongeza haikuwa kubwa, na aliilipa bila neno. Alichoomba ni kimoja tu: mume asijulishwe chochote kutoka hapo ofisini.

"Kutoka kwangu hatajua," Bi Stakabadhi alimwahidi, huku hajui atamkabili vipi mtu huyo.

Mwalimu wa udereva alikuja siku za mwisho, kama kawaida yake. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya kuwatuliza wanaoshika usukani mara ya kwanza. Bi Stakabadhi alimuuliza stakabadhi za matairi na mafuta, akaziingiza moja moja, kila kitufe akikiombea kichelewe. Hatimaye swali likatokea, naye akalisoma vile vile lilivyoandikwa, macho kwenye kioo.

"Je, unaishi na mwenzi wako katika nyumba moja?"

Mwalimu wa udereva akasogeza kiti, akalitazama swali kama anayetafuta mwandishi wake.

"Hilo ni la serikali," aliuliza, "au ni lako?"

"Ni la mfumo. Unamuuliza kila mtu."

"Mwaka jana haukuuliza."

"Mwaka jana ulikuwa mwingine."

Wifi aliacha kuandika. Chini, kwenye duka la vifaa, mtu alikuwa akikata bomba la chuma, na mwalimu akainama karibu ili asikike.

"Weka hapana," alisema. "Na hiyo nafuu iondoe. Kuna na ya nyuma niliyoichukua isivyostahili, niirudishe nayo."

Bi Stakabadhi alibofya. Alitaka kusema pole, akaona pole hiyo itafichua kwamba anajua, akaimeza. Akatafuta kitufe cha kuchapisha, asikione. Wifi akaja kimya kimya, akakibofya yeye, na karatasi zikaanza kutoka zikiwa za moto.

Mwalimu alitia sahihi, lakini hakuinuka. Alizungusha kofia yake magotini.

"Jibu hilo," aliuliza, "linaweza kubadilishwa?"

"Kila mwaka utaulizwa upya," alijibu Bi Stakabadhi.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akashuka. Bi Stakabadhi alisogea dirishani. Alimwona akitoka mlangoni, akisimama ukingo wa barabara na kugeukia upande wa kituo chake cha udereva, kisha akigeukia upande wa pili, kuliko na duka la dawa. Alisimama hapo mpaka mteja mwingine akagonga mlango wa ofisi, na Bi Stakabadhi aliporudi dirishani baadaye, pale ukingoni hapakuwa na mtu, wala hakujua alielekea wapi.

"Wifi," alisema wifi yake kutoka mezani, kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unajua habari za mwalimu na mkewe?"

"Kujua nini?" aliuliza Bi Stakabadhi.

Wifi alimtazama, kisha akarudi kwenye kibodi yake.