Arosto ya sigara ilivyotibiwa kama malaria ukweni Kongwa

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, na mke wangu anasoma begani kwangu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa. Kijana, shati lina mfuko, mfukoni pakiti ya sigara. Lori likisimama tu, nawasha moja ndipo naanza kuongea. Na malori Kibaigwa mnajua yalivyo mengi.

Nikampata Neema, mwalimu, kwao Kongwa. Baba yake mzee wa kanisa, na alishasema binti yake haolewi na mvuta sigara. Nikamwapia Neema kwamba nimeacha.

Niliacha kweli. Asubuhi ya safari ya kwenda kujitambulisha. Chekeni tu.

Nilitakiwa kukaa siku tatu. Ya kwanza fresh. Ya pili kichwa kinagonga, jasho linatoka, mikono inatetemeka. Nimechinjiwa jogoo, heshima kubwa ile, lakini mdomoni alikuwa kama karatasi.

Mama mkwe akanitazama. "Mwanangu, hiyo malaria."

Nani abishe? Kwetu kila kichwa kikiuma ni malaria. Nikapewa klorokwini, na wanaoikumbuka wanajua kilichofuata: mwili mzima ukaanza kuwasha. Sasa natetemeka na kujikuna mbele ya wakwe.

Mara lori likapiga breki barabarani.

Wakuu, mkono ulienda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukakuta patupu, vidole viwili vikaja mdomoni bila kitu.

(Baadaye mganga wa zahanati alinifafanulia. Kichwani kuna sehemu inayokupa raha ukila au ukinywa maji una kiu, ili urudie. Nikotini inaingia hapo kwa mlango wa nyuma na kumwaga dopamini, ile kemikali ya raha, bure. Ubongo ukizoea, vya kawaida havinogi tena, hata jogoo. Tena unakariri vitu vinavyoandamana na sigara. Wangu ulikariri breki za lori.)

Bibi yake Neema alikuwa pembeni na kikopo chake cha ugoro. Alicheka hadi akapaliwa.

"Huyu hana malaria! Huyu ana hamu ya tumbaku. Hata mimi ugoro ukiniishia mkono unahangaika hivyohivyo."

Neema kainamisha kichwa. Nikajua mchumba ndiyo basi tena, na iliniuma kuliko kichwa.

Nikasema, "Shikamoo baba. Nimeacha jana." Hiyo shikamoo sijui ilitoka wapi, tulishaamkiana asubuhi.

Mzee akasema, "Mimi ilinichukua miaka miwili."

Kumbe alivuta kabla ya kuokoka!

"Nenda nyumbani," akasema. "Mahari tutaongea ukipona hiyo malaria."

Ilichukua miezi minane. Nilianguka nikavuta mara mbili, na mara zote nilimwambia Neema. Kila tukikutana mzee aliniuliza mbele za watu, "Malaria inaendeleaje?" Nami najibu, "Inapungua, baba."

Nilichojifunza: usimcheke mwenye arosto, hamu ya kitu alichozoea, ukadhani ni mtu asiye na akili. Akili anayo, ila ubongo umefundishwa njia ya mkato. Mimi nilipoficha, sikumaliza hata siku tatu. Nilipoumbuliwa mbele ya ukoo mzima, ndipo nikaanza kuacha.

Haya, na wewe arosto yako ilikuumbulia wapi? Tiririka hapo chini, mke wangu Neema anataka kucheka na wengine.