Jina la Bibi, Refu au Fupi

Mdogo wangu alipewa jina kabla baba hajamwona hata kucha. Baba alipiga simu kutoka ghala la pamba anakofanya kazi, akasema kama ni wa kike anaitwa jina la mama yake, basi. Simu ilikuwa kwenye spika. Mama, aliyekuwa amejilaza, akafumba macho. Nilidhani ni uchovu wa kujifungua.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Si siri, Nkololo yote, kijijini kwa bibi, inalijua. Ila tangu haya yatokee, nikitaka kuliandika mkono unakuwa mzito, nahisi kama bibi amesimama nyuma yangu. Niseme tu ni la kwenye Biblia, refu, la kujaza mdomo. Ukichukua mwanzo wake peke yake unapata jina jingine, fupi na jepesi. Shuleni kwetu wapo wasichana wawili wanaoitwa hivyo na wote ni wazuri. Basi hapa nitayaita Refu na Fupi.

Mimi nilitaka Fupi kwa sababu hiyo ya uzuri. Mama alitaka Fupi kwa sababu kubwa zaidi. Kwetu Wasukuma mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mama mkwe wake. Hakuna anayemshikia fimbo, ni heshima tu, lakini mama ameishika kwelikweli. Hata akisoma Biblia, akifika penye jina hilo anakohoa kidogo na kuendelea na mstari. Sasa mtoto akiwa Refu, mama atamwitaje mtoto aliyemzaa mwenyewe? Siku akikimbilia moto atamkemea kwa kikohozi?

"Si umwite Fupi tu," nilimwambia.

"Bibi yako alishasema," akajibu huku akimfunga mtoto mgongoni. "Kipande cha jina lake ni jina lake."

Ni kweli alisema. Alikuja hapa Bariadi kumwona mjukuu, ameleta michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye mfuko wa salfeti. Baba akamgusia habari za Fupi kwa upole, akizunguka na maneno kama mtu anayetafuta pa kukaa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sio muhogo, baba," akasema. "Sikatwi vipande. Mkitaka hilo fupi, mbatizeni hilo hilo liwe jina lake kamili. Hapo ni lenu, mke wako aliite anavyotaka. Lakini msiseme mmeniita mimi."

Halafu akaomba chumvi.

Kwa hiyo mpaka siku ya ubatizo mtoto hakuwa na jina la kuitwa. Baba alimwita "mama", kwa kuwa ni jina la mama yake. Mimi nilimwita "mgeni". Mama alimwita "huyu". Huyu amelala, huyu ameshiba, nishikie huyu nikachote maji.

Kliniki nako tulichekesha watu. Nesi aliuliza jina la mtoto, mama akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mzani.

"Mama, jina la mtoto hulijui?"

"Nalijua. Silitaji."

"Kwani hapa ni mahakamani?"

"Ni la mama mkwe," mama akasema chinichini.

"Aaa." Nesi akaweka kalamu chini. Naye ni Msukuma, akaelewa mara moja. "Basi binti atutajie."

Foleni nzima ikanigeukia. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiita mahudhurio, jirani yangu ndiye huniitikia. Nikasema bado hatujaamua. Nesi akaandika kwa penseli, "mtoto wa kike", akasema tukiamua turudi na ufutio.

Baba alipoona siku ya ubatizo inakaribia, akaja na mpango. Nilishapata kipaimara, kwa hiyo nitakuwa msimamizi wa mdogo wangu, na padre akiuliza jina, nitasema mimi.

"Si wazazi ndio wanajibu?" nikauliza.

"Mama yako hawezi. Mimi nikisema Refu, humu ndani sitakaa kwa amani. Nikisema Fupi, Nkololo sikanyagi tena. Wewe huna mke wala mama mkwe. Uko huru."

"Lipi sasa?"

"Lolote litakalokuja mdomoni," akasema, akawasha pikipiki.

Jumamosi mama alinisuka nywele kwa ajili ya kesho yake. Hakuniomba kitu. Alisuka mistari mitatu, ndipo akauliza, "Hilo fupi, likiitwa linasikikaje?" Nikalisema. Akaniambia nirudie. Nikalirudia, na kwenye kioo nilichoshika nikaona midomo yake inalifuata bila kutoa sauti. Nilitamani kumwambia hata kama atalitamka hapa ndani nani atasikia, lakini yeye mwenyewe angesikia.

Jioni bibi akashuka kwenye bodaboda, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani. Tulipomaliza kuamkiana akanivuta sikio. Yeye huniita mke mwenzake, ndio utani wetu.

"Mke mwenzangu, nasikia kesho unanibeba mdomoni. Angalia usinidondoshe."

Kanisani nilisimama katikati ya mama na baba. Padre akauliza, mtoto huyu mnampa jina gani. Baba akaanza kukagua mshumaa kama fundi aliyeletewa kitu kibovu. Mama alitazama sakafu. Fupi lilikuwa tayari kwenye ulimi, nilishaliamua tangu kwenye kusukwa. Ndipo nikamwona bibi kwenye benchi la pili, amesogeza kilemba na kuweka kiganja nyuma ya sikio, asije akapitwa.

Nikasema Refu.

"Sauti, binti," padre akasema.

Nikalisema tena, lote, kwa nguvu nisizojua nilizitoa wapi, likagonga bati likarudi.

"Abee," bibi akaitika.

Alishasimama kabisa, mkono mmoja umeshika kitenge, kama msichana aliyeitwa na mama yake aache kucheza. Kanisa zima likacheka. Padre akajificha nyuma ya kitabu, bibi akajifunika uso na kukaa, na mtoto akamwagiwa maji.

Mama naye alicheka. Lakini tulipotoka alitangulia mbele na mtoto wake. Nilipomfikia akasema, "Sawa. Ni jina zuri." Angesema ni baya ningejisikia nafuu.

Nyumbani baba alikuwa mtu mwingine. Mzigo umemtoka, jina limeshasemwa na si yeye aliyelisema. Akamchukua mtoto, akazunguka naye uani akimwita jina lake lote kwa furaha.

"Abee," bibi akaitika kutoka jikoni.

"Sio wewe, mama. Mtoto."

Akazunguka tena, akaliita tena.

"Abee."

"Mama, ni mtoto."

Mara iliyofuata bibi alitoka na mwiko mkononi, ugali unadondoka.

"Hapana. Hapana, baba. Mtaniua na hili jina. Mimi miaka yote ni mama fulani, bibi fulani. Aliyekuwa ananiita hivi ni mama yangu, na alikuwa haniiti bila kunituma. Nikilisikia miguu inaondoka yenyewe. Nikikaa hapa wiki moja nitarudi Nkololo nimebebwa." Akamgeukia mama. "Refu libaki kanisani na kwenye vyeti. Hapa nyumbani aitwe hilo fupi. Na wewe umwite."

"Mayu," mama akasema, yaani mama kwa Kisukuma, ndivyo wanavyoitana yeye na mama mkwe wake, "si ulisema kipande cha jina lako—"

"Nilisema. Sasa nasema hivi. Hilo fupi halinishtui, nimeshalipima."

"Umelipima lini?" baba akauliza.

"Jana huyu mke mwenzangu alikuwa analisema peke yake huko bombani mpaka ndoo ikafurika. Sikuitika hata kidogo."

Nilitamani niingie kwenye hiyo ndoo.

Mama alimchukua mtoto kwa baba akaingia naye chumbani. Tukabaki uani, baba anajifanya anapuliza mkaa. Kisha tukasikia Fupi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Kisha Fupi tena, sasa kwa sauti yake ya kawaida. Halafu akacheka peke yake humo ndani.

Mchana ule wote aliliita. Aliliita akimlaza, akimfunika, akimfukuzia nzi, akipita tu na sahani. Hakuwa anataka kitu, na mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Mwache apumzike, mayu," bibi akamwambia. "Hata kesho litakuwepo."

Mama akasema sawa, akakaa, akaliita tena.